Maji kwenye zulia, besi hakuna: kisa cha spika za Probox

Mama huyu hakuja kwangu kwa ajili ya spika. Alikuja kwa ajili ya maji.

Ilikuwa Aprili, siku za mbalamwezi. Wanaoijua biashara ya dagaa wataelewa kwa nini nautaja mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Wanaochukua mzigo pale Mwaloni Kirumba hupata siku chache za kushughulikia mambo yao mengine. Akapaki Probox yake mbele ya kibanda changu hapa Buzuruga, Mwanza. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani habari za asubuhi mama, akaitikia huku anafungua mlango wa abiria, wa kushoto. Zulia lilikuwa chepechepe.

"Mwanangu, gari inavuja. Watu wa bodi wameniambia raba ya mlango. Raba nimebadilisha. Bado."

Halafu, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, akaongeza kwamba tangu mpwa wake amletee spika mpya kutoka Dar, mtangazaji wa redio anaongea kama yuko ndani ya pipa. Na kioo cha upande huohuo siku hizi kinagoma robo ya mwisho, anadhani mashine ya kioo imechoka, nikipata nafasi niitazame.

Nikamuuliza spika zilifungwa lini. Februari. Maji yalianza lini? Machi, mvua zilipokolea. Na kioo? Hapo akafikiri kidogo, akasema hakumbuki vizuri, ila mwaka jana kilikuwa kinashuka chote.

Mimi ni fundi umeme wa magari, siyo fundi bodi, lakini malalamiko matatu ya mlango mmoja yakianza baada ya kava la mlango huo kufunguliwa, huna haja ya kupiga ramli. Niliiacha raba yake mpya ilivyo.

Watu wengi wanaamini mlango wa gari hauingii maji. Unaingia, na umetengenezwa uingie. Mvua inateremka na kioo, inapita pembeni ya ule ufito wa raba, inadondokea ndani ya tumbo la mlango, kisha inatokea kwenye vitundu vidogo vilivyo chini kabisa. Kinachoyazuia maji hayo yasije upande wa abiria ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati la ndani kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Ncha yake ya chini huingizwa ndani ya tumbo la mlango, ili matone yanayoifuata yarudi kulekule. Ukiichana nailoni hiyo, au ukiiacha ncha ya chini ining'inie nje, maji yanapita nyuma ya kava hadi kwenye zulia. Hapo hata ubadilishe raba kumi.

Wasichokijua wengi, na wafungaji spika wakiwemo, ni kwamba nailoni hiyohiyo ni sehemu ya spika. Koni ya spika, ile sehemu inayotetemeka, inaposukuma hewa kwa mbele, nyuma yake inaivuta. Sauti nyembamba zinakwenda mbele moja kwa moja na haziathiriki sana, lakini besi inazunguka kila upande, na ile ya nyuma ikikutana na ya mbele zinauana. Jaribu siku moja: shika spika mkononi uipigie muziki, utasikia mlio mwembamba kama wa simu. Ibane kwenye tundu la ubao mpana bila kubadilisha kitu kingine, besi inajitokeza yenyewe. Kwenye gari ubao huo ni bati la mlango pamoja na nailoni yake. Tundu lolote lililo wazi ni mlango wa besi kutorokea.

Lakini kabla ya kufungua chochote nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikaweka fleshi ya mama mwenyewe, ya kwaya, wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Nikaisukuma balansi yote kushoto: besi ikaja kidogo. Nikaipeleka yote kulia: ikaja kidogo. Nikairudisha katikati, spika zote mbili zinapiga, besi ikapotea.

Spika mbili zikitoa besi ndogo kuliko moja, maana yake moja inakwenda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma. Waya za upande mmoja zimegeuzwa, chanya imekaa kwenye hasi. Nikamweleza mama hivyo.

"Kwa hiyo zinagombana?"

"Zinagombana, mayu."

Tukafungua mlango. Probox hii vioo vyake ni vya kuzungusha kwa mkono, na ule mpini umeshikiliwa kwa klipu ya waya iliyojificha nyuma. Usichokonoe kwa bisibisi, utachubua kava. Pitisha kitambaa nyuma ya mpini, ukivute kushoto na kulia kama anayeng'arisha kiatu, klipu itachomoka. Ila weka mkono wa pili uidake, maana inaruka, na mimi nimewahi kuitafuta ya mteja hadi magharibi. Baada ya hapo ni skrubu za kishikio na za kifungulio, kisha kava linavutwa kuanzia chini.

Klipu nne za kava zilikuwa zimevunjika, na zilizobaki zilikuwa zimelegea. Nailoni ilikatwa kwa kisu kuzunguka spika, kipande cha ukubwa wa sahani kikawa kinaning'inia, na ncha ya chini ilikuwa nje. Hiyo ndiyo habari yote ya maji.

Spika yenyewe ilinisikitisha zaidi. Toyota nyingi za umri huu spika zao za kiwandani hazikufungwa kwa skrubu, zimepigwa ribiti, na spika inakuja na mguu wake wa plastiki unaoisogeza hadi karibu na kava, ukiwa na sponji ya kuziba pembeni. Fundi aliyetangulia alizing'oa ribiti kwa patasi hadi bati likapinda, mguu wa plastiki akautupa, akaikandika spika mpya kwenye bati kwa skrubu mbili tu, moja juu na moja chini, kwa sababu matundu mengine hayakulingana. Pembeni nilipitisha kidole. Kati ya koni na wavu wa kava kulikuwa na nafasi ya vidole viwili, kwa hiyo sauti ilikuwa inazunguka kwanza nyuma ya kava ndipo itokee. Pipa la mama ni hilo.

Na kioo? Nilikishusha taratibu huku nachungulia kwa tochi. Kilikuwa kinagota kwenye sumaku ya spika. Mashine ya kioo ilikuwa nzima kabisa.

Nikapima. Mita ilinipa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 3.5 kushoto na 3.5 kulia, ambayo ni kawaida kwa spika iliyoandikwa omu 4. Nikachukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, nikachomoa soketi nyuma ya redio, nikagusisha betri kidogo kwenye waya za kila upande, chanya kwenye waya usio na mstari. Koni ya kulia ilitoka nje, ya kushoto ikaingia ndani. Redio hizi za kununua dukani zina mpangilio wa rangi unaojulikana: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, na wenye mstari mweusi ndio hasi. Rangi za waya za gari lenyewe ni habari nyingine, zinabadilika gari kwa gari, kwa hiyo betri ya tochi ndiyo shahidi ninayemwamini. Gusa mara moja uachie, usiishikilie.

Hadi hapo spika zenyewe hazikuwa na kosa. Sikumshauri mama anunue kitu. Nilinyoosha bati, nikageuza waya, nikatengeneza ringi za kuzisogeza spika, nikaweka nailoni mpya, kisha nikazirudisha spika zilezile za mpwa. Ninafanya hivi kila mara hata mteja akiwa na haraka ya kubadilisha, kwa sababu ukibadilisha spika na mlango kwa pamoja hutajua kilichoponya ni kipi.

Besi ilirudi. Mtangazaji akatoka kwenye pipa. Mama akaenda nayo hadi Kisesa na kurudi, akasema sauti ni nzuri lakini ni ndogo: akiwa barabarani na vioo wazi analazimika kuipandisha redio hadi karibu na mwisho, na hapo inakwaruza. Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo kilichoshushwa chote nilipima milimita 58. Ringi yangu ilikuwa ya milimita 12, jumla 70. Spika ile ilikuwa na kina cha milimita 68. Inabaki milimita 2, na mlango wa gari la biashara hubamizwa.

Basi hapo ndipo swali la kuchagua spika lilipoanza kwa haki.

Mpwa, aliyekuja siku iliyofuata kujitetea, alikuwa na boksi mkononi. "Fundi, hizi ni wati 600! Zitakosaje sauti?"

Kijana hana kosa, boksi lote limepambwa kwa hiyo 600. Nikamwonyesha nyuma ya redio. Imeandikwa wati 60 mara 4, yaani 240. Fyuzi iliyochomekwa palepale ni ya ampea 10. Gari likiwaka lina takriban volti 14, na 10 mara 14 ni 140. Redio inayokula wati 140 kwa kikomo cha fyuzi yake haiwezi kutoa 240 mfululizo, na sehemu kubwa ya hizo 140 inaishia kuwa joto. Kwa volti 14, bila amplifaya ya pembeni, spika ya omu 4 inapata wati 20 hivi safi, zaidi ya hapo ni kukwaruza. Ile 600 ni kama kuambiwa gunia hili linahimili kilo 600. Haikuambii umetia kilo ngapi.

Namba ya kutafuta kwenye boksi kwa mtu asiye na amplifaya ni ya desibeli: spika ikipewa wati 1, mtu akisimama mita 1, inatoa sauti kiasi gani. Za mpwa ziliandikwa 86. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili, na desibeli 6 ni mara nne. Kwa hiyo spika ya 92 ukiipa wati 15 inalingana na ya 86 iliyopewa wati 60, ambazo redio ya mama haina na haitakuwa nazo.

Hapa kuna mtego mmoja ambao hata wauzaji hawaujui. Boksi jingine limeandikwa wati 1 kwa mita 1, jingine limeandikwa volti 2.83 kwa mita 1. Kwa spika ya omu 8 ni kitu kilekile. Kwa omu 4, volti 2.83 ni wati 2, kwa hiyo namba imepandishwa desibeli 3 za bure. Toa 3 ndipo ulinganishe.

Tulizunguka mjini na mama asubuhi moja, mimi nikiwa na rula mfukoni. Jozi ya kwanza aliyoipenda ilikuwa na koni inayong'aa kama sufuria mpya. Ilikuwa nzito, desibeli 87, kina milimita 70. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa seti yenye twita, vispika vidogo vya sauti nyembamba, za peke yake, nzuri kwelikweli, ningeifunga kwenye gari langu. Lakini ilitaka kutoboa nguzo za dashibodi na kutafuta mahali pa viboksi vyake vya kugawa sauti, na mama alinitazama kwa jicho la mtu anayehesabu magunia. Muuzaji akaleta za omu 2, akasema hizi zinapiga zaidi. Ni kweli, zinapiga zaidi, kwa sababu zinavuta umeme zaidi, na redio ile imeandikwa isipewe chini ya omu 4. Mchana wa jua ingejizima au kuungua.

Tukachukua jozi isiyo na mbwembwe: sentimita 16, koni ya karatasi iliyopakwa dawa ya kuzuia maji, twita katikati, omu 4, desibeli 91 kwa wati 1, kina milimita 52. Wati zake 40. Mpwa alipoiona hiyo 40 alicheka. Kina cha 52 kwenye nafasi ya 70 kinaacha milimita 18 hadi kwenye kioo, na hilo lilinipa usingizi. Hata hivyo sikuamini hesabu peke yake: nilibandika donge la ulimbo nyuma ya sumaku, nikashusha kioo chote, nikabamiza mlango mara tatu, nikafungua kuangalia kama donge lina alama. Halikuwa nayo.

Ringi nilizikata kwenye vibao vya plastiki vya kukatia nyama, vile vyeupe vizito vya sokoni. Watu hutumia plaiwudi, na kwa mwaka wa kwanza inafaa, lakini ndani ya mlango kuna unyevu saa zote. Plaiwudi inavimba, skrubu zinalegea, mlango unaanza kuimba. Plastiki ile haina habari na maji. Ubaya wake ni vumbi, unatoka umejaa nyuzi nyeupe kichwani.

Mashimo ya ribiti niliyasafisha kwa drili huku spika zikiwa mbali, zimefunikwa. Vumbi la chuma likiingia kwenye sumaku halitoki, na linakwaruza daima. Bati tupu nikalipaka rangi. Kati ya ringi na bati niliweka sponji ya kuziba, na sponji nyingine mbele ya spika ili ikutane na wavu wa kava na sauti isipate njia ya kurudi nyuma. Juu ya kila sumaku nikaweka kofia niliyoikata kwenye kopo la plastiki, nusu ya juu tu, ya kupangua matone. Waya za gari sikuzibadilisha. Wati 20 kwenye omu 4 ni ampea 2 na kidogo, waya wa kiwandani unazibeba bila shida, na anayekuuzia waya mnene kama kidole kwa kazi hii anauza waya. Maungio niliyachomelea kwa solda, nikaacha waya uning'inie kidogo kabla ya kufika kwenye spika, ili tone la maji liishie chini ya mkunjo badala ya kuufuata waya hadi kwenye maungio.

Nailoni nilinunua ile nyeusi nzito ya mafundi ujenzi, inayotandikwa chini ya jamvi, mita moja na nusu. Nilitumia ya zamani kama kipimo, nikaibandika kwa ulimbo mpya mzunguko mzima, ncha ya chini nikaiingiza ndani. Klipu mpya nane, shilingi 500 kila moja. Nikamwaga ndoo mbili za maji juu ya kioo. Zulia kavu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi safi. Lakini nilipogonga bati la nje la mlango liliitika kama debe, nikataka kulinyamazisha. Dawa yake ya kweli ni bamba za butili, aina ya raba nzito inayonata, ambazo siku hiyo sikuzipata. Nilikuwa na roli la tepu ya lami yenye ngozi ya aluminiamu, ile ya kuzibia mabati ya nyumba. Nikabandika vipande vinne kwa ndani, nikagonga: duf. Nikajipongeza.

Mama akaondoka, akafanya safari za Magu, akanipigia simu kusifu. Siku ya tisa akapiga tena.

"Mwanangu, zulia kavu, redio nzuri. Ila mlango una ziwa."

Alipofika nikausukuma mlango kwa mkono, ukajibu chwaa. Gari lilikuwa linashinda juani Mwaloni, bati la nje likapata moto, lami ikalainika, kipande kimoja kikatereza hadi chini na kulala juu ya vitundu vya kutolea maji. Nailoni yangu mpya nayo ilikuwa haipitishi hata tone. Mvua ya siku mbili haikuwa na pa kwenda. Nilipiga goti, nikachokonoa kitundu kwa waya, maji yakaruka yakanilowesha mkono hadi kwenye kiwiko, yakifuatiwa na harufu ya lami na magamba mawili ya dagaa. Mama alisimama juu yangu na mwavuli, hasemi kitu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno.

Nilivua vipande vyote vinne, milango yote miwili, nikausugua utomvu wa lami kwa mafuta ya taa. Wiki iliyofuata nilipata butili, nikabandika kidogo tu kwenye bati la ndani kuzunguka spika, ambako jua halifiki, na bati la nje nikaliacha na udebe wake. Sikumtoza. Vitundu vya chini nilimwonyesha vilipo, na njiti ya ufagio inatosha kuvizibua.

Spika za wati 600 mpwa alizichukua. Amezitia kwenye boksi la mbao kwenye saluni yake ya kunyolea kule Igoma, nyuma ya amplifaya inayostahili jina hilo. Nilipita Jumamosi moja kunyoa. Zilikuwa zinapiga vizuri mno hata kinyozi hakusikia nilipomwambia ndevu aziache.